Nyungu ya Kipupwe

Mwezi wa Saba jua la Njombe huchelewa kuonekana. Ukungu hulala juu ya mashamba ya chai na vilele vya milingoti mpaka asubuhi imekwenda mbali, na huko juu zaidi, Makete na uwanda wa Kitulo, kuna siku nyasi huamka zimefunikwa na sakitu nyeupe inayovunjika chini ya kiatu. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Watu hulala mapema, watoto hubanana karibu na moto, na katika nyumba moja baada ya nyingine huanza kusikika kikohozi. Huo ndio msimu wa vifua.

Katika msimu huo kuna jambo linalofanyika jikoni kwa namna ileile kila mwaka. Maji yanachemshwa yakiwa na majani. Mgonjwa anakalishwa kwenye kigoda, sufuria inawekwa miguuni pake, kisha anafunikwa blanketi gubigubi. Anavuta mvuke, anatoka jasho, makamasi yanafunguka, na akifunuliwa anafutwa haraka, anavishwa nguo kavu na kupewa uji wa moto. Kitabu kitaita kujifukiza. Mtaani watu husema amepiga nyungu.

Ukiuliza desturi hiyo ilianza lini, utaambiwa ni ya tangu enzi za mababu. Jibu hilo ni la kweli kwa sehemu yake, na sehemu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike. Nimekuja kuamini kwamba sufuria ile ya kipupwe ni daftari la historia. Kila kilichomo kina tarehe yake ya kufika, na tukikisoma kwa utulivu tutaelewa vizuri zaidi urithi tulioachiwa.

Tuanze na jina. Katika lugha kadhaa za nyanda za juu kusini, nyungu ni chungu cha udongo, ndugu wa karibu wa neno chungu la Kiswahili. Kwa vizazi vingi chungu kilikuwa na maana kubwa kuliko kupikia: kilihifadhi maji, kilichachusha pombe, kilibeba dawa. Kandokando ya Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wamekuwa wakifinyanga vyungu kwa mikono na kuvichoma kwa moto wa wazi, hasa katika kijiji cha Ikombe karibu na Matema. Vyungu hivyo vilisafiri kwa mitumbwi hadi kwenye magulio ya ufukweni kama Lyulilo, kisha vichwani mwa watu mpaka mbali na ziwa. Leo jikoni kwingi chungu kimeondoka na nafasi yake imechukuliwa na sufuria ya alumini, chombo chenye jina lililotoka katika neno la Kiarabu la shaba. Blanketi nalo limebeba jina la Kiingereza. Mgonjwa anainamia sufuria ya kiwandani, chini ya blanketi la dukani, lakini bado tunasema anapiga nyungu. Jina limedumu kuliko chombo.

Sasa tuinue kifuniko tuangalie majani. Kivumbasi kimo, na hicho ni cha kwetu kabisa. Humea chenyewe kando ya njia, kina harufu kali inayofukuza mbu, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kimetumika kwa mafua na tumbo tangu zamani sana. Lakini majani ya mpera yaliyo kando yake ni ya mgeni. Mpera ulitoka Amerika, na jina lake tulilipata kwa Wareno, ambao pera kwao ni tunda jingine kabisa. Mlimau ni wa Asia. Mchaichai na tangawizi vilifika kwa njia ya Bahari ya Hindi, na kitunguu swaumu asili yake ni Asia ya Kati. Mwarobaini, ambao watu wa pwani wanauhesabia tiba ya maradhi arobaini, ulikuja kutoka upande wa India. Wengi wa wageni hao walipanda kutoka pwani hadi bara kwa mwendo wa misafara, mkulima mmoja akimwazima mwenzake mbegu.

Jani linalonukia kuliko yote, lile ambalo bila yake watu wengi wa Njombe hawahesabu kuwa wamejifukiza, ndilo lililochelewa kuliko mengine. Mkaratusi ni mti wa Australia. Mwishoni mwa karne ya 19 Mfalme Menelik wa Pili aliupokea Ethiopia kwa sababu Addis Ababa ilikuwa imeishiwa kuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulipandwa Kenya ili kuni zake ziendeshe treni za reli ya Uganda. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka 1902 kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, na humo miti kutoka mabara mengi ilijaribiwa kuona ipi itafaa kwa biashara. Mkaratusi ulionekana kukua haraka na kunyooka. Wenyeji wa nyanda za juu kusini waliutazama ulivyosimama wakauita mlingoti, neno la mabaharia likapanda mlimani.

Ulipandwa kwa ajili ya mbao, nguzo na kuni. Hakuna serikali iliyoupanda ili Mbena au Mkinga wa nyanda hizo apate kutibu mafua. Lakini mtu aliyevunja tawi lake akalisogeza puani alihisi njia ya pumzi ikifunguka. Jani likaingia chunguni, likakaa karibu na kivumbasi, na baada ya vizazi vichache watoto wakaambiwa ni dawa ya mababu. Waaustralia wa asili walikuwa wakilitumia jani hilo kwa maradhi yao muda mrefu kabla Mzungu hajafika kwao. Kwetu lilipata kazi hiyohiyo bila amri ya mtu, kwa kunusa, kujaribu na kuambizana.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya mababu tunaowasimulia na mababu waliokuwepo. Tunawasimulia kama watu waliotunza desturi bila kuigusa. Wale waliokuwepo walikuwa wadadisi. Waliokota jani geni, wakalipima kwa mgonjwa wao wenyewe, wakalikubali au wakalitupa. Mafundisho waliyotuachia yana majani ndani yake, na yana udadisi pia.

Maneno nayo yana historia yake. Dawa ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na homa vilevile. Uganga ni la Kibantu, lenye ndugu zake mpaka Kongo. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipolipuka, dawa ya maji ndiyo iliyounganisha watu wa makabila mengi dhidi ya Wajerumani, na tangu hapo mganga akatazamwa na watawala kama mchochezi. Waingereza waliofuata walitunga sheria za kupiga vita uchawi, ikiwemo ile ya mwaka 1928, na machoni mwa maofisa wengi mtu wa mizizi na mtu wa hirizi walikuwa kitu kimoja. Hata hivyo neno halikufa. Leo hii mtaalamu anayeongoza zahanati ya serikali Tanzania huitwa mganga mfawidhi, na aliye juu ya wote ni Mganga Mkuu wa Serikali. Ni kama nyungu: jina la kale limepokea kazi mpya likaendelea kuishi.

Vita vya kwanza vya dunia vilizileta tiba za nyumbani na za maabara kwenye chungu kimoja. Majeshi ya Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck yalipozingirwa yakakosa meli za kuleta dawa, kituo cha Amani kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wa sinkona, mti wa milima ya Andes uliokuwa umepandwa Usambara. Amani ilipotekwa mwaka 1916, askari walibaki na magome tu. Wakayachemsha wakanywa maji yake machungu kwa kufumba macho. Kinywaji hicho walikibandika jina la pombe kali ya kwao, pamoja na jina la jemadari wao. Madaktari wa Ulaya walikuwa wamerudi kwenye gome na chungu.

Mwishoni mwa Septemba 1918, Lettow-Vorbeck alivuka tena Mto Ruvuma akitokea Msumbiji, akapita Songea kuelekea Ubena, nchi ya Njombe. Safari hiyo watu wake walishikwa na ugonjwa wa mapafu mmoja baada ya mwingine. Huko Ubena, mwezi Oktoba, alimwacha jemadari wake mzee, Kurt Wahle, pamoja na wagonjwa wengine wasioweza kusafiri. Mafua yaliyokuwa yanaizunguka dunia mwaka huo yalikuwa yamefika Afrika Mashariki kwa meli na reli, na sasa yalitembea na askari na wapagazi. Wapagazi ndio waliobeba mzigo mkubwa wa vita hivyo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo. Waliosalimika walirudi vijijini, na homa ilirudi nao.

Katika mafua yale daktari wa London na mganga wa Ubena walikuwa karibu sawa. Kirusi cha mafua ya binadamu hakikutambuliwa mpaka mwaka 1933. Penisilini, ambayo ingesaidia kutibu vichomi vilivyofuata homa, haikuwepo. Kilichokuwepo kila mahali duniani ni kitanda, kitu cha kujifunika, maji ya kunywa na mtu wa kumsogezea mgonjwa maji hayo. Pale ambapo nyumba nzima iliugua kwa pamoja, akakosekana hata mmoja wa kuteka maji au kukoka moto, walikufa pia watu ambao wangepona. Nchini Marekani, majira hayohayo, wateja waligombania Vicks VapoRub, mafuta ya kupaka yenye kafuri, mentoli na mafuta ya mkaratusi, mauzo yakapanda zaidi ya maradufu. Jani la Australia lilikuwa linawafariji wagonjwa wa mabara mbalimbali, na hakuna liliyemponya. Lilimfungulia mgonjwa pua tu, huku mwili ukipigana vita vyake wenyewe.

Baadaye ikaja sindano. Baada ya vita vya pili vya dunia penisilini ilienea, na mtu aliyebebwa kwa machela akiwa na kichomi aliweza kurudi nyumbani kwa miguu baada ya siku chache. Tusilipite jambo hilo haraka. Kwa wazee walioshuhudia, lilikuwa jambo la kustaajabisha kuliko gari au redio, na heshima ambayo watu wa vijijini wanaipa sindano mpaka leo ilizaliwa hapo. Hospitali za misheni zilikuwa chache na mbali. Baada ya uhuru wa mwaka 1961, na hasa katika miaka ya sabini, Tanzania iliamua kuelekeza nguvu zake kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kiasi cha milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kisha kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka uliofuata, 1974, kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili. Nchi ilikuwa inajaribu kuvitazama vyote viwili, chumba cha sindano na chungu cha bibi, bila kuona aibu kwa kimojawapo.

Miaka ya tisini iliujaribu moyo huo. Kuanzia mwaka 1993 wagonjwa walitakiwa kuchangia gharama katika hospitali za serikali, na kaya isiyo na fedha mkononi ilipaswa kupima: twende leo, au tusubiri kidogo tujaribu majani? Wakati huohuo kikohozi cha aina nyingine kilikuwa kimeingia nyanda za juu kusini. Hiki hakikuisha kipupwe kilipoisha. Mgonjwa alijifukiza, akanywa tangawizi na asali, akapata nafuu ya usiku mmoja, kisha akaendelea kukonda. Ukimwi uliipiga Makete na Njombe kwa ukali ambao haukuonekana mahali pengi nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 uliukuta mkoa wa Njombe na maambukizi ya asilimia 14.8 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49, juu kuliko mkoa wowote. Kuna nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu peke yao.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika miaka hiyo nyungu ilitumika mara nyingi kama mahali pa kufichia. Kukohoa nyumbani chini ya blanketi kulikuwa rahisi kuliko kwenda kupimwa. Simlaumu yeyote, maana aliyepimwa kabla ya mwaka 2004, serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, alirudi na jibu lisilo na tiba. Lakini hata dawa zilipopatikana, matumaini ya njia nyepesi hayakuisha. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kilichotokana na mizizi ya mti wa mugariga, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi porini. Miongoni mwao walikuwemo wagonjwa walioacha dozi zao wakiamini wamepona. Hapo tofauti na bibi wa jikoni inaonekana wazi. Bibi alimtazama mgonjwa wake kila asubuhi na kuona kama jani limefanya kazi. Kikombe kilinywewa mara moja, na aliyekinywa akapanda gari kurudi kwao, asiwepo wa kumtazama.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, na kabla ya kipupwe kufika nyungu ilikuwa imetoka jikoni na kuingia kwenye hotuba, redio na simu za mkononi. Sokoni, tangawizi na malimau vilipanda bei. Watu wa mijini walioacha desturi hiyo miaka mingi waliwapigia simu wazazi vijijini kuuliza majani gani na kwa muda gani. Nakumbuka jinsi nyungu ilivyotupa utulivu, katika wakati ambao hatukuwa na kingine cha kushika. Mvuke ule uliwalegeza wengi kifua, lakini virusi haukuviua, na wapo waliochelewa kufika hospitali wakiusubiri ufanye kazi isiyokuwa yake. Chanjo ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021, katikati ya kipupwe, Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani.

Utafiti wa miaka ya karibuni umefungua chungu kitu kimoja kimoja. Mvuke wa moto haukuonekana kuponya mafua ya kawaida, na maji yaliyomwagika yameunguza watoto wengi. Asali imeonekana kutuliza kikohozi cha watoto, ila asipewe mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa kuwa inaweza kumletea sumu ya hatari tumboni. Moshi wa kuni, ule uliotupa joto, umethibitika kuwa miongoni mwa visababishi vya vichomi kwa wadogo. Na kutoka China umekuja mfano ninaoupenda kuliko yote. Mtafiti Tu Youyou, akitafuta tiba ya malaria, alisoma maandiko ya tabibu wa karne ya 4 aliyeagiza mmea wa pakanga uloweshwe na kukamuliwa. Akatambua kwamba kuchemsha kungeweza kuiharibu dawa. Akaikamua kwa joto dogo, ikafanya kazi. Dawa zitokanazo na mmea huo, ambao umelimwa pia nyanda za juu za Tanzania, ndizo tunazotumia dhidi ya malaria tangu mwaka 2006, na mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Aliliheshimu andiko la kale kwa kulisoma kwa makini na kulipima.

Kwa hiyo bibi wa Njombe akiongeza jambo jipya nyunguni hatakuwa amevunja mila. Atakuwa anafanya kile walichofanya waliouingiza mlingoti. Na lipo jambo jipya ambalo limeanza kuingia. Wahudumu wa afya wa vijijini hufundisha wazazi kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au mwenye mwaka 1 hadi miaka 5 akifikisha 40, huenda ni kichomi, na hapo jani halitoshi. Anahitaji zahanati na dawa za kuua bakteria bila kukawia.

Saa nane za usiku, Mwezi wa Saba. Moto umebaki makaa. Sufuria imesogezwa mbali ili mtoto asiipige teke, na harufu ya mlingoti bado imetanda chumbani. Mama amempandisha mwanawe fulana, macho yake yako kifuani pa mtoto, na simu mkononi inahesabu sekunde. Bibi ameinuka kitandani akaja kukaa karibu bila kuambiwa. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Dakika haijaisha. Mama anafika arobaini na nne, anaitazama simu, kisha anamtazama mama mkwe wake. Bibi hasemi habari ya majani. Anatwaa blanketi, lile la kufukizia, analikung'uta mvuke uliobaki, na kuanza kumfunga mjukuu wake vizuri kwa ajili ya baridi ya njiani.